Pijo la Bwana Kiggundu

Mmenikalisha juu ya kreti la soda, mkaninunulia na chai, mkasema: Mzee Ojok, tuchekeshe kidogo, tuambie zamani mlikuwa mnapaki vipi magari. Nitawaambia. Kuchekesha siahidi.

Kwanza toeni kichwani hilo wazo kwamba Kampala imeanza kukosa nafasi juzi, mlipokuja nyinyi na vizibao vyenu vya kung'aa. Nawasikia kila siku mkilia kwamba magari yamezidi na barabara ni zilezile. Sisi tuliyasema hayohayo wakati wanajeshi wanatawala, na magari yetu yalizidi kwa namna ambayo siwaombei. Wahindi walifukuzwa, wakaondoka na sanduku mkononi. Maduka yakabaki, nyumba zikabaki, magari yakabaki. Mwenye shemeji jeshini aliamka asubuhi ana duka, na duka lilikuja na gari. Tukawaita mafutamingi. Sasa huyo mafutamingi hajui hata kurudi nyuma, lakini kutembea kwa miguu ameacha kabisa, hata kwenda kununua sigara ng'ambo ya barabara. Atasimamisha gari katikati ya njia, azime, ashuke, na nyinyi wa nyuma mngoje mpaka amalize kula nyama choma yake. Nani apige honi? Hakuna aliyethubutu.

Mimi nilizaliwa kwenye nyumba za polisi kule Nsambya, baba yangu alikuwa koplo. Pale watoto wa kila kabila tuligombana kwa Kiswahili, tukapatana kwa Kiswahili. Baba alipofariki, hicho Kiswahili ndicho kilichonipa kazi. Kulikuwa na yadi moja nyuma ya maduka ya nguo, mahali pa mteremko, ambapo Mhindi mwenye maduka alikuwa akiweka malori yake. Alipoondoka, yadi akapewa Kapteni mmoja. Kapteni akaifanya ya kupaki magari kwa malipo, akataka vijana wanaoelewa akisema neno mara moja. Waganda wengi wa mjini hawakutaka kukisikia Kiswahili. Waliona ni lugha ya mtu anayekuja kukuchukua, na siwezi kusema walikosea.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Kambale, Mkongo wa upande wa Beni, mfupi, tumbo mbele, kofia ya sufu kichwani hata jua likichoma. Alikuwa ametoroka vita vya kwao akaja kupata vyetu. Mdomo wake haukuwa na breki. Dereva akiingia vibaya alimwambia usoni kwamba mama yake alipaswa kumnunulia mbuzi, si gari. Mafutamingi walimcheka, hawakujua anasema kweli.

Sasa sikilizeni, kwa sababu hapa ndipo mnaponiudhi. Nyinyi mnapaki magari kama mtu anayetupa kuni. Kambale alinifundisha kusoma gari na mwenyewe kabla hajafunga mlango. Mtu ukimwuliza anarudi saa ngapi, atakudanganya tu. Mtazame. Aliyechukua koti anakwenda kukaa ofisini, huyo mwingize ndani kabisa. Aliyeacha koti kwenye kiti anarudi sasa hivi, mweke karibu na mlango. Eneo la yadi yetu lilikuwa dogo, kwa hiyo magari tuliyapanga pua kwa mkia, na sharti la kila mteja lilikuwa moja: weka frii, usivute breki ya mkono, acha mlango wazi, ufunguo tupe sisi. Gari likiwa frii, watu wawili wanalisogeza kwa mabega bila kuliwasha. Kilicholizuia lisiteremke lenyewe ni jiwe mbele ya tairi. Kila gari na jiwe lake. Asubuhi Kambale alipita gari moja baada ya jingine, anafungua mlango, mkono unaingia, unashusha breki, unarudisha gia katikati, anatoka. Mteja akisahau, Kambale hakusahau. Alifanya hivyo huku anaimba rumba ya kwao na kunitukana mimi, mkono unajua kazi yake wenyewe.

Na ufunguo. Alikuwa na sheria moja ya ufunguo, na kwenye hiyo hakufanya utani. Unarudi kwenye mkono ulioutoa. Mke akija, hapana. Ndugu akija, hapana. Mwenyewe tu.

Yadi ilijaa kabla jua halijapanda, na tuliokuwa tukiwafukuza mlangoni ni wengi kuliko tuliowaingiza. Kapteni akiona kipande cha ardhi tupu alidhani tunamwibia. Watu wakaanza kutuhonga kwa sukari na sabuni, vitu ambavyo dukani havikuonekana. Halafu likaingia jambo jingine. Siku mojamoja gari lilikuwa linabaki. Mwenyewe haji jioni, haji kesho. Vumbi linakaa kwenye kioo, ndege wanalichafua, na sisi tunajua. Baada ya siku chache watu wa Kapteni wanakuja kulivuta, na nafasi inapatikana. Wateja nao wakajua. Kulikuwa na mafutamingi mmoja, akikuta pamejaa, alikuwa anashusha kioo na kuuliza, leo hakuna aliyepotea? Na anacheka. Mungu anisamehe, nilimchukia yule mtu kuliko nilivyowachukia wenye bunduki. Ndivyo nafasi ilivyopatikana Kampala, vijana. Mnaniuliza mbinu. Hiyo ilikuwa mojawapo.

Bwana Kiggundu alikuwa mhasibu kwenye kampuni ya kahawa. Alikuwa na gari aina ya Pijo, jeupe, la zamani, lakini analitunza mpaka magurudumu yanang'aa. Mtu mpole, anasalimia kwanza, anamwuliza Kambale habari za Kongo na anangoja jibu. Ofisini walikuwa wametaka aweke sahihi kwenye kahawa ambayo haikuwapo, akakataa. Hayo niliyajua baadaye. Asubuhi ile aliingia kama kawaida, lakini koti akaliacha kwenye kiti, akasema anakwenda posta mara moja. Kwa hiyo nikamweka karibu na mlango. Hajafika getini, wakaingia wanaume wawili wenye miwani ya jua na mashati ya maua. Walimsalimia vizuri sana. Mmoja akamshika mkono kama rafiki. Bwana Kiggundu akageuka kunitazama, na akasema kwa Kiswahili, yeye ambaye siku zote alisema nami Kiganda:

"Ojok, ufunguo usimpe mtu. Nitakuja kuuchukua mwenyewe."

Wakampeleka kwenye gari lao lililokuwa limeziba barabara yote. Watu walipita pembeni, macho chini. Hata mimi niliangalia chini.

Mke wake alikuja siku ya tatu. Tulimwita Nalongo, kwa kuwa alikuwa amezaa mapacha. Alikuwa mkunga, mwanamke mrefu, uso mkavu, hakulia mbele yetu hata mara moja. Alisema amezunguka kila mahali pa kuulizia, na kila mahali wamempa jibu moja: mume wako ametoroka, amevuka kwenda Kenya na gari lake. Na maadamu wanasema ametoroka, hakuna wa kumtafuta mahabusu, hakuna wa kuulizwa. Alilizunguka lile Pijo, akaliwekea mkono juu ya paa, akakaa hivyo. Halafu akatuambia kwa Kiganda: hili gari likibaki hapa, mume wangu hajatoroka. Likiondoka, ametoroka. Akatuomba lisiondoke.

Nikamkumbuka inspekta mmoja, rafiki wa marehemu baba, aliyekuwa akija kwetu Nsambya kula samaki siku za Ijumaa. Nikamwendea. Alinisikiliza amesimama, anaangalia mlango. Mwishoni akasema atakuja mwenyewe kuliona gari kwa macho yake, na akiliona atakwenda kwa wakubwa wake na kusema mtu huyu hajavuka mpaka, na aliyemchukua aulizwe. Lakini si leo, alisema, ningoje wiki ijayo, Jumanne.

Ikawa kazi yetu kulilinda Pijo mpaka Jumanne. Kapteni alikwisha kuliona. Aliuliza hili la nani, Kambale akamwambia la mteja wa kulipa kwa mwezi, na ufunguo ameondoka nao. Ufunguo ulikuwa kwenye soksi yangu. Jioni ile Kambale akafanya kitu ambacho sikuwahi kumwona akifanya. Aliingia ndani ya gari la mteja, akatia gia, akavuta breki ya mkono mpaka mwisho, akafunga milango yote, akatia mawe mbele na nyuma. Kisha tukalisukumia magari mengine yasiyotoka kila siku. La mwalimu upande huu, la daktari upande ule, mbele yake lori la mtu wa mbao ambaye huja mara moja kwa juma. Ungetaka kulitoa lile Pijo, ungelazimika kuitoa yadi nzima, na barabarani hapakuwa na mahali pa kuiweka yadi nzima. Kwa mara ya kwanza niliushukuru ule uhaba. Kambale akafuta jasho kwa kofia yake, akasema:

"Batamutoa huyu kwa ndege."

Tulicheka, jamani. Tulicheka sana. Kila siku Nalongo alipita akitoka kazini, anasimama getini, analiona paa jeupe kati ya magari, anaondoka. Haingii. Mimi nilikuwa nikimwangalia nikijisikia mtu.

Jumanne ikafika. Inspekta hawezi kupanda juu ya maboneti ya watu, kwa hiyo asubuhi tulitoa lori, tukasogeza la daktari, tukafungua njia safi kutoka getini mpaka kwenye Pijo. Kambale akaniomba ufunguo. Alitaka kufuta vumbi ndani, ili inspekta alione koti kwenye kiti, na miwani ya kusomea iliyokuwa juu ya dashibodi, aone kwamba mtu anayesafiri nchi za watu haachi miwani yake. Akaingia, akafuta kwa uangalifu, akaliweka koti vizuri, akawa anaimba ile rumba yake. Akatoka, akanirudishia ufunguo.

Hatukuwa tumenawa mikono Kapteni akaingia. Hakuwa na habari ya inspekta yeyote. Siku hiyo alikuwa amepata Benzi, jeusi, lile la mfanyabiashara mmoja ambaye naye hakuonekana tena, na amelileta apate mahali pa kuliweka penye kivuli. Nyuma yake landrova yenye askari. Alisimama getini, akaona ile njia tuliyoifungua, akafurahi kwelikweli. Alisema leo vijana wangu mmefanya kazi, mmenitengenezea barabara. Akaonyesha Pijo, akawaambia askari watoe takataka hiyo.

Niwaambie ukweli, mimi sikuogopa. Nilijua gari lina gia, lina breki, milango imefungwa. Nilisema moyoni, sukumeni mpaka jioni. Askari mmoja akapiga jiwe teke. Na Pijo likaanza kwenda.

Lilikwenda polepole, lenyewe, kama mtu anayeitwa. Nilimgeukia Kambale. Alikuwa anautazama mkono wake wa kulia. Ndipo nikaelewa. Wakati anatoka garini, mkono ulikuwa umefanya ulichofanya kila asubuhi maisha yake yote kwenye yadi: umeshusha breki, umerudisha gia katikati, umeacha mlango wazi. Hakuna aliyeuambia. Askari akafungua mlango, akadaka usukani, wengine wakatia mabega, wakalishusha kwa mteremko wetu mpaka barabarani, wakalifunga nyuma ya landrova. Kapteni akaingiza Benzi lake mahali palepale. Lilienea sawasawa.

Inspekta alikuja na Nalongo, landrova imekwisha kupinda kona. Kapteni alikuwa bado yupo, anafuta Benzi kwa kitambaa. Inspekta akapiga saluti. Mimi nikasema. Nilisema kwa Kiswahili cha Nsambya kilichonyooka, kwamba gari lilikuwa hapa, sasa hivi tu, jiwe lake hili, doa la oili yake hili chini ya Benzi, waliolivuta wako mbele kidogo ukiwafuata. Nikaanza kuinama kwenye soksi yangu, na inspekta akanishika bega kwa nguvu mpaka nikaumia. Alinong'ona kwamba baba yangu alikuwa rafiki yake, na angependa nizeeke. Basi ndiyo nimezeeka. Akainua sauti, ili Kapteni asikie, akasema:

"Gari halipo, mama. Basi amesafiri."

Nalongo akanitazama mimi nimfasirie. Ndiyo, hata hilo lilikuwa kazi yangu. Nikalitia lile neno kwenye Kiganda, nikamwambia mwanamke yule, kwa mdomo wangu mimi, kwamba mume wake amesafiri. Alimgeukia inspekta, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akasema kile Kiswahili ambacho nyumbani kwao hawakukitaka, akikitafuta neno moja moja:

"Bwana yangu hapana safiri. Wewe najua."

Kapteni akacheka. Alikicheka Kiswahili chake. Alisema mama huyu apelekwe shule. Inspekta akatazama viatu vyake. Nalongo akatoka getini amenyooka, akapita kando ya magari yaliyokuwa yanapiga foleni kuulizia nafasi, na wa kwanza kwenye foleni akanipungia mkono akiuliza kama sasa kuna mahali.

Kambale hakuimba tena. Alibaki miezi kadhaa, akawa anaweka ule mkono mfukoni anapopita kwenye magari na kufungua milango kwa mkono wa kushoto. Nilimwambia si kosa lake, nililisema mpaka nikachoka. Alinijibu mara moja tu, "Mukono yangu, Ojok, si wako." Kisha akahamia Kabalagala kuuza nguo za mitumba, na huko ndiko alikofia. Pijo nililiona Bukoto likiwa limepakwa rangi ya kijani, kijana mmoja analiendesha vibaya sana, anasaga gia. Nililijua kwa mlio wa mlango.

Serikali ile ikaanguka, ikaja nyingine, ikaja nyingine tena. Kapteni alikimbilia wapi sijui, na natumaini ni mahali pabaya. Watu waliosubiri wakasubiri zaidi, wengine mpaka leo. Ukoo wa Bwana Kiggundu ukakaa ukaamua kwamba imetosha, waingize mrithi, wamzike mtu wao. Lakini hakukuwa na mtu wa kuzika. Kwa Waganda ikiwa hivyo hukata mgomba, huuvika lubugo, ile nguo ya gome la mti, na kuuzika mahali pa mwili. Nalongo alinitafuta mpaka Bukoto, nilikokuwa nimehamia. Kichwa kilikuwa cheupe chote. Alisema mgomba upo, lubugo upo, ila haoni kama kuna kitu chochote cha mume wake pale. Akauliza kama bado ninao ule ufunguo.

Ninao, nikamwambia. Nikautoa. Alinyoosha mkono aupokee, halafu akaurudisha.

"Alikuambia nini?" akauliza.

Nikamwambia: nisimpe mtu, atakuja kuuchukua mwenyewe.

"Basi mpelekee wewe."

Tulikwenda kijijini kwao, njia ya Mityana. Waombolezaji walikuja na magari mengi, na njia ya shamba ni nyembamba, wakaanza kuzibana na kugombana palepale msibani. Mtu mmoja akanitambua, akasema huyu ndiye mwenye kazi hii. Kwa hiyo nikavua koti, nikawapanga wote, pua kwa mkia, wa haraka mlangoni, frii, na jiwe mbele ya kila tairi. Nilipomaliza, walikuwa wananingoja kaburini. Nikashuka ndani, mimi mtoto wa koplo, mgeni wa ukoo, wazee wamesimama juu wananitazama. Nikaufunua ule lubugo kidogo upande wa mkono wa kulia, maana ndio aliokuwa akinipa nao kila asubuhi. Nikaurudishia ufunguo.